Pima Biti Mbele ya Mwenyewe

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile asubuhi niliyofungua karakana yangu pale Kaloleni, kwa sababu kila fundi wa uwanja ule alikuja kunitazama nikishindwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Doha, diploma yangu ya useremala nimeitundika ukutani. "Huyo atatengeneza fremu ya hiyo diploma, basi," walisema. Walisema mkono uliozoea mashine za Doha hautaweza kazi ya jua kali, na kwamba sitamaliza mwaka. Nakuambia haya ujue anayekushauri ni nani: jikoni nyingi za Donholm zina kabati zangu, na sijawahi kuitwa kurekebisha hata moja.

Kazi yangu ya kwanza kubwa nilipewa na Bi Hawa, mfanyabiashara wa vitambaa huko Eastleigh. Alitaka kaunta iliyopinda, juu yake fomaika, lile ganda gumu la plastiki linalobandikwa kwenye mbao, na fomaika yenyewe aliileta yeye. Ilikuwa shiti moja tu.

"Fundi, nyingine kama hii hakuna," aliniambia. "Ukiiharibu usinipigie simu. Nitasikia tu, na Eastleigh yote itasikia."

Niliibandika nikaiacha izidi ukingo wa mbao kidogo, kama inavyotakiwa. Kilichobaki kilikuwa kukata ile ziada kwa rauta, mashine ya mkono ya kukatia kingo. Kazi hiyo ina biti yake, kikatio kinachofungwa kwenye rauta: visu vilivyonyooka, na kwenye ncha beringi, kigurudumu kinachotembea juu ya ukingo wa mbao. Beringi na visu vikiwa na upana mmoja, fomaika hukatwa ikalingana na mbao, usione zimekutana wapi. Biti yangu ilikuwa butu. Kabla sijatoka kutafuta nyingine, Macharia, fundi wa banda la jirani, akasimama mlangoni.

"Niaje, Diploma! Nasikia huna biti. Chukua yangu, buda. Nimeitumia leo asubuhi, inakata kama wembe."

Huyu ndiye aliyecheka zaidi kuhusu fremu. Nani alimwambia sina biti? Na ukarimu huu ulianza lini? Nyuma yake walisimama mafundi wengine wawili, mikono mifukoni, kama watu waliokuja kutazama mpira.

Uwanja ule ulikuwa na desturi yake. Ukiazimwa kifaa, hukikagui mbele ya mwenyewe. Unashukuru, unaanza kazi. Kukikagua ni kumwita mwenzako mhuni mbele za watu.

Mimi nilichukua rula ya chuma. Nikailaza juu ya kisu, ikafika hadi kwenye beringi. Kati ya rula na beringi palipita mwanga mwembamba kama uzi.

"Sasa unapima nini?" Macharia akauliza, kicheko kimemwisha. "Unadhani nimekuletea sumu?"

"Sijui bado. Njoo uone."

Nikaijaribu kwenye kipande cha taka chenye fomaika. Nilipopitisha ukucha ukingoni, ukanasa. Beringi ilikuwa ndogo kuliko visu, kwa hiyo visu vilikula fomaika kupita mbao. Kwenye kaunta yangu, yenye ukingo uliopinda na ubao mwembamba, hapangekuwa na dawa.

Nikamkazia macho Macharia nikitafuta uso wa mtu aliyenaswa. Badala yake nikamwona amegeuka kutazama banda lake.

"Milango," akasema. "Ile milango ya kabati ya yule mama wa Donholm. Nimeikata kwa biti hii hii, na anakuja kuichukua leo jioni."

Biti alikuwa ameinunua kwa muuzaji wa kando ya barabara, imeshatumika, beringi imebadilishwa na mtu asiyejulikana. Tukakimbia bandani kwake. Ukucha wangu ukanasa kwenye mlango wa kwanza, na wa pili, na wote. Bahati yake kingo zilikuwa zimenyooka. Tukazipiga randa mbao hadi zikakutana na fomaika, na mama alipofika akaisifu kazi.

Macharia hakunishukuru. Alisema, "Ulinishuku."

"Nilikushuku. Ningekushuku kimyakimya, nikakurudishia biti yako kwa asante, saa hizi ungekuwa unatukanwa na yule mama."

Akacheka, kwa shingo upande. Kesho yake tulienda pamoja kununua biti mpya, na rula alikuja nayo yeye. Muuzaji alitutukana sote wawili kwa kupima mali yake mbele yake. Kaunta ya Bi Hawa ikatoka safi; baadaye alimleta shemeji yake mwenye duka, naye akaagiza yake.

Kwa hiyo, mwanangu, usiamini biti kwa sababu inang'aa au kwa sababu mwenye nayo anatabasamu. Weka rula. Zungusha beringi kwa kidole. Kata kipande cha taka kwanza. Na shaka yako itoe mdomoni, mwenyewe akiwepo, apate nafasi ya kujibu, maana huenda yeye ndiye anayeumia bila kujua. Hata ukiazima kwangu, pima nikikutazama. Sitanuna.

Mungu akulindie vidole na macho, akupe wateja wanaorudi na majirani wanaoweza kuulizwa.