Sauti ya Kinole Ipite Kwanza

Mwanangu, kwa kuwa nawe umeanza kushika swichi, vile visanduku vinavyogawa njia za mtandao wa watu, nikusimulie siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka.

Nilikuwa fundi mpya wa mitandao katika hospitali ya misheni hapa Morogoro mjini. Kule Kinole, milimani, tulikuwa na zahanati. Mkunga wake, Sista Koleta, aliongea na madaktari wetu kwa simu iliyopita kwenye mtandao wetu. Asubuhi hiyo aliteremka mwenyewe, viatu vimejaa matope.

"Shikamoo, Mzee Kobelo," alimsalimia bosi wangu.

"Marahaba, Sista. Kwema huko?"

"Jana mama mmoja alitoka damu nyingi baada ya kujifungua. Daktari ananielekeza dawa, sauti inakatika. Nasikia 'mpe', halafu kimya. Nikampa kwa kukumbuka tu nilivyofundishwa. Mungu katusaidia, yuko salama. Na leo kuna mwingine anakaribia kujifungua."

Nikasema tuombe laini kubwa zaidi ya mtandao.

"Tutaomba," Mzee Kobelo alisema. "Lakini leo kuna mama mwingine atajifungua. Kaa hapa, tuone nani anamzibia Sista njia."

Tukakuta njia imejaa mafaili mazito ya eksirei, na mkutano wa video wa mkurugenzi. Kompyuta yake ilikuwa inatangaza kila inachotuma kuwa cha dharura, na swichi inaiamini. Simu ya Kinole ilikuwa kwenye foleni kama kitu kingine chochote.

"Faili likichelewa litafika zima," mzee aliniambia. "Neno likichelewa, halina kazi tena."

Basi tukaipanga swichi itambue simu yenyewe, bila kuamini madai ya kila mashine. Simu zikatangulia, video ikafuata, kila moja kwa kiwango chake ili isimeze njia yote, mafaili yakaja nyuma.

Mchana mkurugenzi akaingia. Alilalamika kwamba picha ya mkutano wake inaganda, naye anawaomba wafadhili wodi ya watoto. Niliogopa, maana nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mzee Kobelo akanitazama, akaniachia nijibu. Nikamwomba Sista Koleta arudie maneno yake.

Mkurugenzi alisikiliza akiwa amesimama. "Mama huyo anaitwa nani?"

"Asumpta."

Akaanza kurudi ofisini kwake. "Acheni hivyo hivyo. Wafadhili nitaongea nao kwa sauti tu."

Jioni Sista Koleta alipiga kutoka Kinole, huku akimngojea yule mama mwingine ajifungue. Sauti ilikuwa safi, hata nikasikia kichanga cha Asumpta kikilia nyuma yake. Nilitoka nje nikafuta macho.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipanga njia ya watu, usianze na cheo cha anayelalamika. Uliza nani ataumia akisubiri, umtangulize huyo. Hata yeye mwekee kiasi, wengine nao wapite. Na usitosheke na taa za kijani kwenye swichi zinazosema kila kitu kiko sawa. Msikilize aliye upande wa pili wa simu.

Mungu aibariki mikono yako. Na siku utakayoita msaada, akujalie mtu wa kukusikia.