Manjano Kwenye Rejeta

Juzi gari lilichemsha mbele ya kibaraza changu hapa Sinza. Kijana mwenye gari akafungua boneti, mvuke ukamvaa usoni, akakimbilia ndoo ya maji baridi anataka kuimwaga humo humo. Nilipiga ukelele mpaka kuku wakaruka.

"We! Weka ndoo chini! Unataka kupasua injini?"

Akacheka. "Shikamoo, bibi. Kumbe na wewe fundi?"

"Marahaba. Mie si fundi, nilikuwa mke wa dereva. Weka chini, nimesema!"

Akaiweka. Mie nikaingia ndani, nikakaa kitandani nikalia, mwanamke mzima na mvi zangu zote. Harufu ya maji yaliyoungua kwenye chuma ilikuwa imenirudishia mume wangu mlangoni, na alipofika mlangoni hakuingia.

Mume wangu aliendesha lori enzi za Mwingereza. Tulipanga chumba kimoja Temeke. Lori lilikuwa la tajiri wake, Mhindi mwenye duka la jumla Kariakoo, nalo lilikuwa kuukuu, likipanda kilima linakohoa kama mzee wa pumu. Jioni lililala chini ya dirisha letu. Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mume wangu alifungua boneti, akatazama maji, akachomoa kijiti cha oili, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Hata siku moja hakuruka. Siku ya Idi alikagua na kanzu yake nyeupe mwilini, nami nikamgombeza kwa ajili ya kanzu. Leo ningempa kanzu kumi azichafue.

Tena alikuwa ananiita. "Bibi we, njoo ushike hapa." Ananionyesha mpira wa juu, unaopeleka maji ya moto kwenye rejeta, na mpira wa chini, unaoyarudisha kwenye injini yakiwa yamepoa. Wenzake walimcheka, eti anamfundisha mwanamke gari. Akawajibu, "Anayepanda gari ajue linaumwa wapi." Nilikuwa najifanya nimechoka, lakini nilikuwa naitegea sikio ile sauti tangu alfajiri.

Rejeta ile ilikuwa na tundu dogo, inadondosha. Siku moja alikuja jikoni kuomba manjano. Dawa hiyo madereva wetu waliijua: unatia manjano kidogo kwenye maji, yanazunguka, yakifika penye tundu yanajishika hapo, tundu linaziba. Alichukua kijiko kimoja, akakisawazisha kwa kidole. "Kijiko kimoja tu," akasema. "Kikizidi ni balaa." Mie nilikuwa nakuna nazi, nikasikia la kwanza, la pili likapita.

Kisha ikaja ile asubuhi. Jamaa wa Bunju alifika kwa baiskeli, jasho linamtoka, akasema mama yangu yu hoi na ananiulizia mimi. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Mume wangu alikuwa ameshakagua lori. Akapanda baiskeli ya jamaa yule kwenda Kariakoo kumwomba tajiri ruhusa ya kulichukua. Mie nikabaki nafunga kanga zangu. Nikatoka nje, nikaona chini ya lori mchanga umelowa. Tundu linadondosha tena.

Niliingiwa na hofu. Nikajisemea, huyu akirudi akaliona atataka kwenda kwa fundi kwanza, na mama yangu ananingoja. Basi nikaingia jikoni. Kulikuwa na kifuko cha manjano aliyonitwangia mama mwenyewe kwenye kinu chake, manjano ya kishamba, hayakuchekechwa, yamejaa chenga. Nikafungua mfuniko wa rejeta nikamimina kifuko kizima. Ikiwa kijiko kimoja kinaponya, niliona kifuko kitaponya zaidi. Ujinga mzigo, wazee walisema, na mie nilijitwisha mwenyewe.

Mume wangu akarudi na ruhusa. Tukaondoka. Chini pakavu, hapadondoki kitu, nami nikafurahi moyoni.

Tulipofika Mbezi, siku hizo mikorosho mitupu, lori likachemsha. Mvuke ukatoka kila upenyo. Akaliegesha kivulini, akafungua boneti, akasimama. Nikamrukia. "Unasimama nini? Tia maji twende!"

"Chuma kina moto. Nikitia maji ya baridi kitapasuka, na mama hutamwona kabisa. Ngoja kipoe."

Ngoja! Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume. Nilimwambia yeye na lori lake wote mizoga. Nilimwambia angekuwa mwanamume ningekuwa nimeshafika kwa mama yangu. Yeye alikuwa analiuliza gari. Akabonyeza mkanda wa feni: umekaza. Akachomoa kijiti cha oili, akaitazama juani. Ingekuwa nyeupe kama tui, ingekuwa maji yameingia kwenye oili, na hapo safari imekwisha. Ilikuwa safi. Kisha akanishika mkono, mie bado natukana, akauweka juu ya mpira wa chini.

Ulikuwa baridi. Injini inatokota na mpira wa chini ni baridi. Hapo nikaelewa, maana alikuwa amenifundisha mwenyewe: maji hayapiti, rejeta imeziba.

"Jana ilipitisha vizuri," akasema. "Imezibwa na nini?"

Lilipopoa akaulegeza mpira ule. Likadondoka tope kiganjani mwake, la manjano, na harufu ya mchuzi ikapanda. Akalitazama. Akavitazama vidole vyangu, kucha zangu zimekolea rangi ile ile. Nilingoja tusi, nilingoja hata kofi.

"Chukua debe," akasema. "Kuna kisima pale bondeni."

Nilikimbia na debe kichwani, sikumbuki mara ngapi. Yeye aliing'oa rejeta, akaipindua, akamimina maji kwa chini ili uchafu utokee ulikoingilia, akaitikisa, akapuliza kwa mdomo mpaka uso wake ukawa wa manjano. Chenga za kinu cha mama yangu zilitoka kidogo kidogo. Jua likapita utosini, likaanza kushuka.

Tuliingia Bunju wanaume wanarudi kutoka makaburini. Mama alikata roho asubuhi ile, muda mfupi baada ya lori letu kuchemsha. Walimwosha, wakamvika sanda, wakaningoja mpaka adhuhuri, wakaona maiti haicheleweshwi. Kumwosha mama yangu ilikuwa haki yangu ya mwisho, nami nilikuwa Mbezi nachota maji ya kuosha rejeta.

Mjomba akasimama mbele ya watu wote. "Mlikuwa wapi?"

Mdomo wangu ulifunguka. Mume wangu akatangulia. "Ni mimi, mjomba. Sikukagua gari kabla ya kutoka. Nisameheni."

Yeye! Asiyewahi kuruka hata Idi! Mjomba alimtazama kutoka juu mpaka chini, akampa mgongo. Tangu siku ile Bunju walimwita Dereva Asiyekagua. Shughuli zote, harusi na vilio, jina linamngoja pale pale, na yeye anacheka pamoja nao. Nami nilinyamaza. Mwaka ukapita, na wa pili, na kila mwaka kusema kulikuwa kugumu zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Mara moja tu nilijaribu. Nilimwambia, "Bwana, siku ile ya mama..." Akanikata: "Yaliyopita si ndwele, bibi we. Njoo ushike mpira huu." Nikaenda nikaushika.

Alipofariki, uhuru ulikuwa umeshakuja zamani, watu wa Bunju walijaa kwenye matanga. Siku ya tatu, tumekaa mkekani wanawake, binamu yangu mmoja akafuta machozi huku anacheka. "Maskini Dereva Asiyekagua! Mungu amlaze pema." Wenzake wakacheka.

Nikasimama. Nikasema, "Alikagua. Alikagua kila siku ya maisha yake. Ni mimi niliyeziba rejeta, kwa manjano, kifuko kizima. Ni mimi niliyetuchelewesha kwa mama yangu."

Mama yangu mdogo, ndiye aliyemwosha mama siku ile, alikuwa kizee amekaa pembeni. Akanivuta kanga nikae.

"Najua, mwanangu," akasema. "Siku ile ulipoingia nilikushika mikono, vidole vyako vilikuwa vya manjano. Nikamwendea mumeo kando nikamwuliza. Akaniomba nisiseme kitu. Akaniambia, 'Mama, leo amefiwa. Mwachie msiba mmoja, miwili hataiweza.'"

Miaka yote ile mie nilidhani naficha siri yangu kwa kunyamaza, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananificha mimi. Nilitaka kumkimbilia nimwambie asante. Alikuwa ameshalala udongoni siku tatu.