Mikole Niliyoing'oa Kisiwani

Nitawasimulia aibu yangu mwenyewe, maana wote walioishuhudia wameshatangulia, na mimi Mungu ameniacha, nadhani ili niisimulie vizuri.

Siku zile za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa dini huku Iramba, kijana mwenye kanzu nyeupe moja na maneno mengi. Katika ziwa letu kuna kisiwa kidogo, na kiangazi maji yakipungua hadi magotini tulivusha ndama wakale majani huko, kwa kuwa huku kwetu kote kulikuwa kumekauka. Mwaka ule ndama wakaanza kubabuka pua na masikio, na wawili wa Bibi Kiula, ajuza wa kijiji chetu, wakafa. Bwana shamba akapita na baiskeli yake, akasema ni kichaka kigeni kimeingia kisiwani, kina jani la kukwaruza na vitunda vidogo vidogo, kisipong'olewa kitamaliza malisho na ndama pia. Akaenda zake.

Jumbe akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, wewe umesoma. Unakijua?"

Ningesema sikijui, mkasa ungeishia hapo. Nikasema, "Nakijua."

Basi Jumamosi nikavuka na kijiji kizima, kanzu nimeikunja kiunoni, nikaomba sala ndefu (ndefu mno, nakiri), nikaonyesha kichaka cha kwanza chenye jani la kukwaruza na vitunda, nikasema ng'oeni, wakang'oa, nami naanzisha nyimbo, mpaka jua lilipofika utosini tulikuwa na lundo kubwa kama nyumba. Bibi Kiula, aliyeketi akitafuna matunda ya lundo lile, akauliza taratibu:

"Mjukuu wangu, mkole nao umekosa nini?"

Ilikuwa mikole. Mikole ambayo nimekula matunda yake tangu utotoni.

"Na ninyi mbona mlinyamaza?" nikawauliza.

"Tulidhani kitabuni zimeandikwa dhambi zake," Jumbe akajibu, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Bibi akanipa tawi jingine, la kichaka alichowaona ndama wake wakikila. "Ni hili. Fikicha, unuse."

Nikanusa. Harufu ile niliamka nayo kila asubuhi. Ilikuwa ya uzio wangu, ambao vijiti vyake nilivibeba mwenyewe kutoka misheni ya Kilimatinde, nimevifunga kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ya maua yake mazuri, ya njano na waridi katika shada moja. Ndege walikula vitunda kwangu, wakavuka na mbegu.

Ningeweza kunyamaza, lakini Bibi alikuwa akinitazama.

"Jamani," nikasema, "mama wa hivi vichaka yuko nyumbani kwangu."

"Basi twende tukamsalimie," akasema Jumbe.

Uzio wangu ukang'olewa kwanza, na mizizi yake, mke wangu akiwagawia maji ya kunywa. Kisha tukarudi kisiwani siku nne, Bibi Kiula mbele akionyesha, mimi nyuma nikibeba. Tukashinda. Mvua ziliponyesha nyasi zikarudi, hata mikole ikachipua (namshukuru Mungu kwa mizizi yake iliyosalia ardhini), na mpaka leo kisiwa kile ni safi.

Tangu hapo sijasema "nakijua" kabla ya kufikicha na kunusa. Hata nilipotaka kusahau, haikuwezekana: ndama wake wa kwanza kunenepa Bibi Kiula alimpa jina la Mwalimu, na kila nilipopita alimwita ndama huyo kwa sauti, akimkataza kula mikole.