Mkeka Juu ya Kichwa cha Mataina

Gazeti liliandika kwamba Mataina ameua mtoto wa watu kwa samaki mbovu. Ulikuwa uongo. Mtoto yule hakuwahi hata kuonja chakula chake.

Tangu afiwe na mumewe, Mataina aliuza samaki mbichi wa tui sokoni Apia, mji wa kisiwani kwao. Asubuhi moja jirani wa meza ya pili alimtupia gazeti mapajani. Picha yake ilijaa ukurasa wa mbele, akicheka, imetolewa kwenye harusi ya watu. Kusoma hajui.

"Wanasemaje?"

"Wanasema umeua, dada. Na meno yote nje!"

Kufika jioni, kaka yake Usufono, mkuu wa ukoo, alikwisha kukusanya mikeka myororo ya familia ya kwenda kuombea msamaha, pamoja na ule ambao mama yao aliusuka hadi macho yakafifia.

"Kaka, mimi sija..."

"Nyamaza! Unataka watuchomee nyumba?"

Alfajiri walikuwa wameketi chini mbele ya nyumba ya Peniamina, babu wa mtoto aliyekufa, mkeka umewafunika vichwa kama desturi ilivyotaka, kuni zimewekwa mbele yao, kama watu waliojileta wenyewe kuokwa. Peniamina aliwaacha hapo mpaka jua likawa kali. Watoto waliwarushia kokoto. Mtu mmoja alitema mate, yakapenya kwenye mkeka. Mataina alijikojolea, na hakuthubutu kusogea.

Mwishowe mzee aliufunua mkeka. "Inukeni. Tumewasamehe."

Usufono alilia kwa shukrani.

Baadaye hospitali ikasema ni moyo. Mtoto alikuwa mgonjwa wa moyo tangu azaliwe, na Peniamina alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ila gazeti lilikuwa limesema samaki. Mikeka haikurudi. Kilichotolewa kuomba msamaha hakidaiwi.

Mataina alikwenda kwenye ofisi ya gazeti. Aliyeandika habari ile anaitwa Alapati, kijana mwenye viatu vinavyong'aa.

"Ulikuja kuniuliza lini?"

"Nilimpigia simu jirani wa marehemu."

"Jirani ndiye mimi?"

"Sasa mama, kama hukuua, ulijifunika mkeka wa nini? Na hilo nimeliandika. Watu wamelipenda sana."

Mhariri, aliyekuwa akinywa chai, alicheka mpaka ikamwagika.

Waliandika masahihisho: mistari mitatu chini ya matokeo ya raga, bila jina lake. Baraza la kijiji lilikataa kuwasikiliza waliowasomea mistari hiyo mitatu. Mtu aliyeomba msamaha amekiri, wakasema, na asiuze chakula tena. Sasa anauza fagio.

"Mama Sumu, fagio zako haziui?" wanamwuliza wanawake aliokuwa akiwapa samaki wa bure jioni.

Mhariri bado anadaiwa ukurasa wa mbele, kwa herufi zilezile nene, jina la Mataina likiwa juu na la Alapati likiwa chini yake pamoja na neno mwongo. Usufono naye anadaiwa. Kwao kaka humlinda dada yake kuliko mboni ya jicho, naye alikunja mikeka bila kumwuliza, "Mataina, umefanya?" Mpaka leo hajauliza. Kila Jumapili baada ya kanisa huja kula kwake, hushiba, husifu tui, kisha hujilaza.