Plagi Iliyogoma Kuingia

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja pale mtaa wa Kwa Mathias nilivyotaka kugombana na mzee wa watu kwa ajili ya plagi. Usicheke!

Baba yangu alikuwa amefariki mwezi na siku kadhaa nyuma, na siku ya pili baada ya mchana huo tulikuwa tunasoma arobaini nyumbani Kisarawe. Mdogo wangu Shomari, aliyekosa mazishi, alikuwa njiani kutoka Mwanza. Alinipigia simu analia: "Dada, angalau nisikie sauti yake." Sauti niliyomrekodi akiwa hai ilikuwepo, ila mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta yangu. Na kompyuta ilikuwa imezima. Pawasaplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya mashine, lilikuwa limeungua.

Nikaibeba hadi kwa Mzee Kondo, fundi. Akaleta pawasaplai ya mtumba, kisha akageuka kumsikiliza mteja mwingine. Mimi na kiherehere changu nikaanza kuchomeka mwenyewe. Plagi kubwa ikaingia vizuri kwenye bodi, lile bamba kuu la ndani ya mashine. Ndogo, ya karibu na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikagoma. Nikaikandamiza kwa dole gumba.

"We binti, acha!" Mzee Kondo akanidaka mkono.

"Mzee wangu, nina haraka, kesho arobaini ya baba."

"Ndiyo maana nakuzuia. Hiyo plagi ni ya kadi ya picha, kifaa kingine kabisa, siyo ya hapo. Tazama, nyaya za njano zimekaa upande ambao bodi inataka nyeusi. Ukilazimisha itaingia, halafu utaunguza bodi, pengine na diski yenye sauti ya baba yako."

Jamani, niliiachia ile plagi upesi.

Akasoma maandishi ya bodi, akapekua lundo lake, akapata pawasaplai ambayo plagi zake zote ziliingia zenyewe, laini. Mashine ikawaka. Nikafungua ile rekodi, na baba akasema, "Haya wanangu, hamjambo huko?" Nikalia mbele ya wateja, wala sikuona haya. Na kesho yake Shomari aliisikia, akaomba irudiwe, ikarudiwa mpaka wajomba nao wakaanza kumjibu marehemu. Mpaka leo namshukuru mzee yule.

Basi mwanangu, kabla hujawasha umeme, linganisha plagi na tundu lake: umbo, pini, rangi za nyaya. Ikigoma, toa mkono, uliza. Na anayekukaripia ukiwa na haraka usimnunie. Mungu akujaalie mtu wa kukukemea mapema, akupe na moyo wa kumsikia, na sauti za uwapendao zisikupotee. Amina.