Mashine ya Makaburini na Petroli ya Bi Rukia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimvunjia heshima mama wa rika la mamangu, na hadi leo nikisikia jina lake likitajwa huinamisha uso.

Nilikuwa kijana hapa Matondoni, nimekabidhiwa na wazee wa msikiti mashine ya kukatia nyasi makaburini. Ni ile ya kuvaa begani, yenye injini ndogo ya petroli na uzi unaozunguka kule chini. Ilitufikia ikiwa imeshatumika sana, nami nikajiona fundi kwa sababu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Ujana una kiburi chake, Mungu atusamehe.

Basi mashine ikaanza kupoteza nguvu. Ukiiwasha inanguruma vizuri, lakini uzi ukigusa nyasi tu inalegea, inakohoa kama mtu mwenye pumu, mwisho inazima. Mvua zilikuwa zimenyesha, makaburi yamefunikwa, na watu walianza kuuliza. Niliona haya kusema sijui. Nikatafuta wa kumtwika lawama.

Petroli nilikuwa nikinunua kwa Bi Rukia, mjane aliyewauzia wenye mashua kwa chupa. Nilimkuta jeti, pale gatini mashua zinapofungwa, wanaume wamemzunguka wakingoja kupimiwa. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bi Rukia, petroli yako ina maji. Umeniulia mashine ya msikiti."

Alinitazama. "Mimi, Athmani?"

"Wewe. Sinunui kwingine."

Alifunika mtungi wake, na wanaume wale, mmoja mmoja, wakaondoka na chupa tupu. Tangu siku hiyo wenye mashua wakawa wanafuata petroli Amu, yaani Lamu mjini.

Nami nikaifuata huko huko. Mashine haikupona. Nikabadilisha plagi, nikaosha chujio la hewa, nikasafisha kabureta, wapi. Mwisho nikafungua ekzosi, na ndani yake nikakuta ule wavu mdogo wa waya, moshi unapopitia, umezibwa na masizi mazito kama lami. Injini ilikuwa haipumui. Na masizi yale yalitoka kwangu mwenyewe. Mashine za aina hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili kidogo, kwa kipimo; mimi nilikuwa nikimimina oili ovyo, nikidhani injini iliyozeeka yataka kulainishwa zaidi.

Nikausugua wavu, nikaurudisha, na mashine ikafyeka hadi alasiri bila kusita. Mwanangu, kila iliponguruma nilitamani izime tena, maana ngurumo ile ilimsafisha Bi Rukia na kunishitaki mimi.

Nilikwenda kwa Bi Rukia kupitia mlango wa uani, nisionekane. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alikuwa akichambua mchele, na hakuacha.

"Maneno yako uliyasema wapi?" akauliza.

"Jeti, mama."

"Na hapa uani kuna nani wa kukusikia?"

Kesho yake nikasimama pale pale jeti, watu wakishusha samaki, nikasema petroli ya Bi Rukia haikuwa na maji, mkosaji ni mimi na oili yangu. Wengine walicheka. Mzee mmoja alitema mate pembeni, akaendelea na kazi yake. Bi Rukia mwenyewe hakuwapo; mitungi alikuwa ameshaiuza. Baadaye alinisamehe kwa kinywa chake, lakini biashara ile haikurudi tena, na aliyeiua ni mimi.

Kwa hiyo nisikilize. Kitu kikiharibika mkononi mwako, anza kukagua pale ulipokigusa wewe. Usimtaje mtu kabla hujafungua ukaona kwa macho yako. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, usimwombe radhi mafichoni. Mola akuepushe na ulimi wa haraka, akupe moyo wa kukiri mapema, wakati kukiri kwako bado kunamfaa uliyemkosea. Amin.