Veronika Mbeti wa Nyumba Mia, Aliyeyajua Maji

Alizaliwa mwaka 1929, mwezi wa mvua za vuli, katika kijiji kinachopakana na mto Thwake, wilaya ya Machakos. Baba yake alikuwa Mativo, mchonga vinyago, na mama yake aliitwa Nthoki. Thwake ni mto wa mchanga. Kwa miezi mingi ya mwaka maji hayaonekani, na anayetaka kunywa hana budi achimbe. Nthoki alikuwa na kisima chake mle mchangani, akakizungushia miiba ili ng'ombe wasikisogelee, na kila alfajiri aliteka maji ya kwanza akayamwaga, akateka ya pili akayamwaga, ndipo akajaza kibuyu. Majirani walimcheka kwamba anachezea maji wakati wa ukame. Mbeti alikua akiyatazama hayo, na baadaye maishani alipenda kusema kwamba katekisimu yake ya kwanza alifundishwa akiwa amepiga magoti mchangani. Alibatizwa mwaka 1944 kwa jina la Veronika. Mwaka 1950 aliolewa na Ndambuki, dereva wa lori, mtu mpole asiye na maneno mengi.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Syombua. Mwaka 1958 Ndambuki alipata kazi Nairobi, nao wakahamia chumba kimoja upande wa Eastlands, mahali ambapo nyumba kumi na mbili zilitegemea mfereji mmoja uani. Veronika alifurahi kupita kiasi. Aliamini kwamba maji yatokayo kwenye chuma hayahitaji kuchungwa kama maji ya mchangani, basi hakuyachemsha. Kabla mwaka haujaisha Syombua, mwenye miaka minne, aliharisha siku tatu akafa. Hakuna aliyejua kwa hakika ugonjwa huo ulitoka wapi, nami sitadai kujua. Lakini mama alijiuliza swali hilo kila alipofungua mfereji, miaka tisa mfululizo, hadi Ndambuki naye akafariki kwa homa ya mapafu na kumwacha peke yake na swali lake.

Mwaka 1969, akiwa mjane wa miaka arobaini, alipata kazi ya kuosha chupa katika maabara moja ya kupimia maji mjini. Hapo ndipo wito wake ulipomkuta. Msimamizi wa chumba kile alikuwa Bwana Magan, Mwislamu mcha Mungu wa Eastleigh, mkali kuhusu kazi na mwenye subira kwa watu. Siku moja Veronika aliona chupa mbili za maji mezani, zote angavu kama kioo. Magan alitia maji ya kila chupa katika vichupa vyenye dawa ya rangi ya zambarau, akavifungia mahali penye joto. Asubuhi iliyofuata vichupa vya chupa ya kwanza vilikuwa na rangi ileile. Vya chupa ya pili vilikuwa vimegeuka manjano na kutoa povu.

"Lakini jana yote yalikuwa safi, Mzee," Veronika alisema.

"Jana yalikuwa maangavu," Magan alijibu. "Usafi ni neno lingine, mama. Jicho halina habari nao."

Waliokuwapo husimulia kwamba Veronika aliweka chini brashi yake, akatoka nje, akalia kwa muda mrefu kando ya ukuta. Aliporudi aliomba jambo moja: aelezwe kila kitu. Magan akamweleza. Kwa miaka kumi na miwili, katikati ya kuosha chupa, alijifunza maji yanavyochotwa kwa kupimwa, kwa nini hutiwa dawa ya klorini, na kwa nini harufu ile ambayo watu huichukia ndiyo dalili kwamba mlinzi bado yuko zamu. Alijifunza pia jambo ambalo wakazi wengi wa mjini hawakulijua: kwamba bomba lililojaa husukuma maji nje kupitia ufa wowote, lakini bomba lililokauka hunyonya. Maji yakikatwa, chochote kilicholowanisha udongo nje ya bomba huingia ndani.

Mwaka 1974 alihamia mtaa wa Nyumba Mia, nyuma ya Mowlem, huko huko Eastlands, akawa muumini wa kigango chetu. Hakuwa mhubiri. Alifagia kanisa siku ya Jumamosi, akatembelea wagonjwa, na katika kila nyumba aliyoingia aliomba maji ya kunywa, kisha akauliza kwa upole yamechemshwa lini. Wanawake walimtania wakimwita Mama Maji. Mwaka 1977, baada ya mafundi kutengeneza bomba kuu, maji yalitoka meupe kama maziwa, na mtaa mzima ukashikwa na hofu. Ikavumishwa kwamba yametiwa dawa ya kuwafanya wanawake wasizae, na wengine wakaanza kuteka maji mtoni. Veronika alisimama kwenye mfereji wa pamoja, akajaza gilasi, akaiinua juu ili wote waione. Weupe ukaanza kutoweka kutoka chini kwenda juu, polepole, hadi gilasi ikawa angavu. Akainywa yote. Wazee walipiga ishara ya msalaba, na hadi leo wapo wanaoiita siku ile siku ya muujiza. Yeye alikasirika. "Ni pumzi tu," aliwaambia. "Bomba lilimeza hewa. Msiogope maji yanayotisha macho. Ogopeni yale yanayopendeza bila harufu, baada ya mfereji kukauka."

Sasa naja kwenye mwaka 1984, ambao ningependa kuuruka kama ningeruhusiwa. Mvua za masika zilikosekana nchini kote. Maji yakawa ya mgawo: mfereji hukauka tangu asubuhi na kurudi jioni. Mwezi wa Agosti maji ya Nyumba Mia yalianza kutoka matamu, maangavu, bila harufu yoyote ya dawa, na watu wakayasifu. Lakini Veronika aliona kwamba nyuma ya kanisa, kati ya ukuta na njia ya Dandora, palikuwa na ukanda wa majani mabichi ilhali mji wote ulikuwa vumbi. Akawa anasimama pale kila siku akisali rozari na kunusa udongo. Jumapili ya tarehe 2 Septemba, wakati wa matangazo, aliomba nafasi akasema kwamba bomba la maji taka limepasuka mahali pale, kwamba bomba la maji ya kunywa linapita chini yake, na kwamba kila nyumba ichemshe maji mpaka yatokote kwelikweli.

Kigango kilikuwa kikijiandaa kwa jubilei ya miaka ishirini na mitano, tarehe 21 Oktoba. Wageni walikuwa wamealikwa. Mfereji mpya wa kanisa, uliojengwa kwa michango ya waumini, ungebarikiwa siku hiyo. Makaa yalikuwa adimu, na baadhi ya akina mama walilalamika kwamba Mama Vero anawatia watu wasiwasi. Halmashauri ya kigango ilimwita tarehe 9 Septemba, baada ya Misa. Padre Nyongesa alikuwa safarini. Aliyezungumza kwa niaba ya halmashauri ni katibu wake, na katibu huyo ndimi ninayeandika kurasa hizi. Nilimwambia maneno haya, ambayo sijapata kuyasahau: "Mama Veronika, tunakuheshimu. Lakini wewe ulikuwa unaosha chupa. Hukuwa daktari."

Alinitazama kidogo. "Ni kweli, katibu," akasema. "Nilikuwa naosha chupa." Akajifunga kitambaa chake vizuri, akatoka.

Baada ya hapo alinyamaza. Alichemsha maji yake mwenyewe, akaja Misa, akafagia kanisa kama kawaida. Tukajipongeza kwa utii wake. Wiki moja baadaye jirani yake Wacera, mshona nguo aliyepeleka kazi yake soko la Gikomba, alimkuta mlangoni akamwuliza, "Mama Vero, sasa haya maji yamekuwa sawa? Sikusikii tena ukiyasema." Veronika akamjibu, "Waulize wazee wa kanisa. Wao ndio wanaojua." Wacera alicheka akidhani ni mzaha wa kumaanisha hakuna neno, akaenda zake. Kuanzia siku ile hakuchemsha.

Binti yake Nduta, wa miaka sita, alianza kutapika na kuharisha usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba. Tarehe 3, Jumatano, kabla ya adhuhuri, alikuwa amekufa. Veronika aliposikia kilio alikwenda mbio bila viatu. Akapiga magoti mbele ya Wacera, watu wakiwa wamejaa uani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Uliniuliza, nami nilijua, nikakunyima jibu. Wanasema nilitii. Sikutii. Nilikasirika kwa kudharauliwa, nikawaachia maji wale walionidharau, na aliyeyanywa ni Nduta. Nisamehe."

Wacera hakupaza sauti. "Nenda ukawaambie wengine," alisema. "Kwangu usirudi." Akafunga mlango.

Basi akaenda kuwaambia wengine. Siku hiyohiyo alichemsha chupa yenye kifuniko, akauchoma mdomo wa mfereji wa kanisa kwa moto wa karatasi, akateka maji kama alivyofundishwa, akayapeleka kwa miguu hadi maabara. Bwana Magan, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliyapokea kwa mikono yake mwenyewe. Baada ya siku mbili vichupa vyote vilikuwa vya manjano, naye Magan akaandika barua iliyowafikia wahusika. Tarehe 15 mafundi walichimba nyuma ya kanisa, pale pale penye majani, wakakuta bomba la maji taka limepasuka juu ya bomba la maji lililooza kwa kutu. Watu wengi husema Roho alimwonyesha mahali. Mimi nasema alipewa macho, na sisi tulipewa yeye.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshaingia katika nyumba nyingi. Watoto wanne walizikwa mwezi ule. Veronika alizunguka na sufuria na jiko lake kutoka mlango hadi mlango, akichemsha maji, akiyatia chumvi kidogo na sukari, akiwanywesha wagonjwa kijiko kwa kijiko, akifua nguo zao ambazo ndugu zao waliogopa kuzigusa. Wagonjwa kumi na tisa walipita mikononi mwake, na wote kumi na tisa walipona. Daktari mmoja aliniambia kwamba hilo si ajabu, kwani maji ya chumvi na sukari hufanya kazi hiyo. Nami nakubali, ila sioni kwa nini jambo likose kuwa ajabu kwa sababu tu linaeleweka. Kuna pia wanaoshuhudia kwamba gunia lake la makaa, ambalo kwa kawaida lingeisha kwa siku kumi, lilimfikisha mwisho wa mwezi. Nimeliandika kama nilivyosimuliwa.

Jubilei haikufanyika. Mwishoni mwa Oktoba homa ya matumbo ilimwangusha Veronika mwenyewe. Hospitalini aliomba aletewe Padre Nyongesa, naye akampa sakramenti. Kisha akaomba niitwe mimi. Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini nilipomwona sikuweza kuyatoa, nikaishia kumwuliza kama anahitaji chochote. Alinishika mkono akasema, "Katibu, najua ninyi mtaandika. Mkiandika habari zangu, msiache zile wiki tatu." Alilala katika Bwana Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1984, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Bwana Magan alikuja mazishini akasimama nje ya kanisa, karibu na mahali palipochimbwa, mpaka Misa ilipokwisha.

Kanisa halijatoa hukumu yoyote juu yake, na sisi tunaomwita mtakatifu majumbani mwetu tunafanya hivyo kwa unyenyekevu, tukiiachia hukumu hiyo wakati wake. Leo wanawake wa jumuiya yake wana zamu ya kupeleka chupa ya maji ya mtaa maabara kila mwezi, na jibu husomwa wakati wa matangazo, liwe zuri au baya. Mfereji ukikauka, mtu hupita akigonga sufuria ili watu wakumbuke kuchemsha. Hakuna halmashauri iliyothubutu tena kumnyamazisha mtu juu ya jambo hilo.

Nilipokuwa nakusanya ushuhuda huu, miaka mitano baada ya kifo chake, nilikwenda kwa Wacera. Yeye haji kwenye Misa ya kumbukumbu, wala hatujawahi kumlaumu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Andika kwamba alikuja kuniomba msamaha," alisema. "Alikuja siku hiyohiyo, akiwa hana viatu. Ninyi wengine hamkuja."

Atakayependa kumwiga Veronika Mbeti na achemshe maji, aulize yanakotoka, na akijua jambo litakalookoa mtu alirudie hata kama amedharauliwa. Lakini akikosea kama alivyokosea yeye, basi aende kwenye mlango ule anaouogopa, na aende siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa miaka mitano. Niliyasema pale mlangoni maneno niliyoshindwa kuyasema hospitalini, na Wacera aliyasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameacha maji motoni, akaingia ndani.